Nafasi ya Picha ya Atieno

Kadi yenyewe niliitambua kabla Akoth hajaipangusa vumbi. Ilikuwa ndani ya kopo la kakao, imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ingawa babake hakuvuta sigara maisha yake yote. Lazima aliiomba karatasi hiyo kwa mtu. Akoth aliiinua kuelekea mlangoni penye mwanga, akaigeuza upande huu na upande ule. "Anti, hii nayo ni takataka ama ni mali?" Tulikuwa Keroka, katika duka la Ouma la kutengeneza simu, wiki moja baada ya kumzika kwao kando ya ziwa. Nje malori yalikuwa yakishuka kutoka Kericho na kila moja lilitikisa rafu za mabati. Sakafuni tulikuwa na mafungu mawili, la kutupa na la kubaki, na la kutupa lilikuwa limefika magotini. Akoth alinipigia simu nije kumsaidia kwa sababu namba yangu ilikuwa imeandikwa ukutani juu ya meza ya babake, katikati ya namba za watu wa chaja na watu wa vioo vya simu. Mbele ya jina langu Ouma alikuwa ameandika neno moja tu: ofisi. Ofisi tuliyofanya kazi pamoja ilifungwa zamani sana, Akoth akiwa bado msichana wa shule.

Tangu mazishini nilikuwa nikimwogopa msichana huyu, ambaye si msichana tena bali mama wa watoto wawili. Programu ya mazishi ya Ouma ilikuwa ya kurasa kumi na mbili, karatasi ya kung'aa, picha za rangi kila ukurasa: Ouma na darubini yake ya kutazamia saketi, Ouma akibeba mjukuu, Ouma kanisani amevaa tai isiyomkaa. Katika ukurasa wa nne palikuwa na mstari unaosema kwamba alimwoa Atieno, aliyemtangulia na kumwachia binti wa miezi minane. Hapakuwa na picha. Baada ya maziko Akoth alinifuata hadi penye foleni ya chakula akanishika mkono. "Anti, wewe ulifanya kazi na baba wakati huo. Hukuwahi kuona picha ya mama, hata moja?" Nikamwambia wananiita kugawa sahani. Hakuna aliyekuwa akiniita. Niliondoka nikaenda nikasimama nyuma ya hema, nikiwa na miaka yangu yote hii na mvi zangu, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchapa programu za mazishi. Ofisi ilikuwa mjini Kisii, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na mbolea, na harufu ya mbolea ilipanda ngazi kabla ya mteja yeyote. Kulikuwa na madirisha mawili. Moja lilitazama sokoni, penye mafungu ya ndizi na kelele za wapakiaji. La pili lilitazama magharibi, vilima vya kuelekea Suneka, na hilo ndilo tulilolitumia kama saa. Mwenye ofisi alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Waadventista, na kila mtu, hata mkewe, alimwita Mwalimu. Alitembea mikono ikiwa nyuma kama anayesimamia mtihani. Alikuwa na kompyuta mbili ndogo za kuchapia, na moja kubwa iliyokuwa imebadilika rangi na kuwa njano kama jino la mzee, aliyoinunua kutoka mradi fulani uliofunga kazi. Hiyo ya njano ndiyo iliyokuwa na maana, kwa sababu ndiyo pekee iliyoweza kuiendesha skana.

Wasomaji vijana watashangaa kwamba kulikuwa na wakati ambapo kuingiza picha kwenye kompyuta kulikuwa tukio. Skana yetu ilikuwa nzito kama sanduku la bweni, na haikuweza kuunganishwa moja kwa moja; ilihitaji kadi, ubao wa kijani wenye meno ya dhahabu upande mmoja, unaochomekwa ndani ya kompyuta. Kadi hiyo ilikuja bila kitabu chake. Ouma, fundi wetu, aliipambania siku nne nzima za mwezi wa kwanza, na nikiwa sina la kufanya nilisimama nyuma yake nikitazama. Pembeni ya ubao kulikuwa na safu ya pini nane, jozi kwa jozi, bila namba yoyote, na kikofia cha plastiki kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho mafundi hukiita jampa. Jampa ikivikwa jozi hii, kadi inaitwa kwa namba hii. Ikivikwa jozi ile, inaitwa kwa namba nyingine. Nilimwuliza kwa nini namba ziwe na maana hivyo.

"Umewahi kupanga foleni hospitali?" akasema, bila kuinua kichwa. "Daktari akiita namba kumi na nne, wasimame wagonjwa wawili, itakuwaje?"

"Watagombana."

"Hawatagombana. Wataingia wote wawili, na mmoja atadungwa sindano ya mwenzake. Hapa ndani diski ndiyo kumi na nne. Hiyo usiiguse. Kadi tutaitafutia namba isiyo na mtu."

Namba isiyo na mtu ilikuwa kumi. Alipoipata, na taa ya skana ikatembea kwa mara ya kwanza chini ya kioo, Mwalimu alivua kofia. Ouma yeye hakushangilia. Alichukua daftari la shule la jalada la kijani, lile lenye majedwali ya kuzidisha nyuma, akachora kadi nzima kwa penseli, pini zote, na jampa akaipaka wino. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakufungua mashine kabla ya kuandika alichokikuta, wala hakuifunga kabla ya kusoma alichoandika. Siku ile alinigeukia akanipa penseli. "Na wewe, nyar Kisii. Ukigusa kitu humu ndani, kwanza kiandike. Kichwa cha mtu ni kizuri lakini hakina mstari." Nyar Kisii, binti wa Kisii, ndilo jina alilonipa, nadhani jina langu la Kemunto hakulitumia mara tatu.

Ninapoukumbuka mwaka ule naukumbuka kwanza kwa saa za mchana. Mvua ya Kisii huja baada ya chakula, na ikija umeme huondoka nayo, kwa hiyo kati ya saa nane na saa tisa tulikuwa tukikaa tu, watu watatu na mashine tatu zilizonyamaza. Mimi nilileta ndizi za kuchemsha na mboga za chinsaga kwenye bakuli la mfuniko. Mwalimu alileta maziwa lala na ugali wa wimbi. Chakula cha Ouma kililetwa na mkewe, Atieno, aliyekuwa na cherehani kwenye veranda ya barabara ya chini, mtoto mgongoni na samaki kwenye gazeti. Aliingia kwa ubavu mlangoni ili mtoto asigonge kichwa. Kila mara Ouma alimkaribisha Mwalimu, na kila mara Mwalimu alichungulia gazeti kwa mashaka, kwani Waadventista hatuli samaki asiye na magamba. "Huyu ana magamba, Mwalimu," Atieno alimwambia. "Nimeyapara mwenyewe, mkono huu umechubuka. Hata Musa angeomba kichwa." Mwalimu alicheka kwa pua na hakula. Nadhani aliogopa kwamba akila mara moja atazoea.

Atieno alicheka mdomo ukiwa umefungwa, mabega yakitikisika. Alipenda kusikiliza wateja wakitoa habari za marehemu wao, na wakiondoka alituigizia. Namkumbuka akiwaigiza ndugu wawili kutoka Nyacheki waliobishana mbele ya meza yangu. "Andika alikuwa mkulima hodari wa chai." "Chai gani? Mashina arobaini?" "Maiti hahesabiwi mashina, wewe! Andika, dada, hodari." Alizifanya sauti zote mbili, na mtoto mgongoni akiruka kwa kicheko cha mamake bila kujua kinachochekwa. Siku moja Ouma alitaka kujaribu skana, akamwambia alete picha yake yoyote. Hakuwa nayo. Walioana kwa wazee, bila harusi ya kanisani, bila mpiga picha. "Mimi nikipigwa picha natoka kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe," alisema. "Wacha mniangalie tu nikiwa hapa."

Mwezi wa nane homa ilimshika Jumamosi, Jumanne hakuwepo. Siwezi kuliandika kwa urefu zaidi ya hapo kwa sababu halikuwa na urefu. Alhamisi asubuhi Ouma alipanda ngazi peke yake, akiwa na kitambaa cha mkononi kilichofungwa fundo, na ndani ya fundo kitambulisho cha mkewe. Kilikuwa kinatakiwa kurudishwa serikalini siku hiyohiyo ndipo kibali cha kuzika kitolewe. Picha iliyokuwa humo, ndogo kama stempu, nyeusi na nyeupe, ndiyo pekee duniani. "Nipe kiti chako, nyar Kisii," alisema. Aliiweka kwenye kioo, akaikuza kadiri mashine ilivyoweza, na uso wa Atieno ukashuka kwenye skrini mstari kwa mstari, nywele kwanza, kama mtu anayetoka chini ya blanketi. Alitoa pia nakala kwenye mashine ya fotokopi, lakini nakala ilitoka doa jeusi lenye njia ya nywele tu. Picha ya skrini ilikuwa kubwa mno kuingia kwenye disketi. Alisema ataigawanya vipande Jumatatu, atakapokuja kuchukua programu. Kisha akakifunga kitambulisho kwenye fundo, akakipeleka kilikotakiwa, akarudi.

Mchana kutwa nilikaa nikiisafisha picha ile. Plastiki ya kitambulisho ilikuwa imejaa mikwaruzo, na kila mkwaruzo ulikuwa msururu wa nukta nyeupe nilizozifuta moja baada ya nyingine. Ouma alikaa nyuma yangu, mikono magotini. Sijawahi kumtazama mtu yeyote, hata niliyemzaa, kwa muda mrefu na kwa karibu kama nilivyomtazama mwanamke yule. Tulipomaliza, Ouma alisema asante kwa sauti ya mtu aliyepewa maji. Mazishi yalikuwa Jumatano inayofuata, na tulipanga kuchapa Jumatatu, pamoja na majina ya wasomaji ambayo shemeji zake walikuwa bado wakiyakusanya.

Kisha ikaja Ijumaa. Kwa asiye Mwadventista lazima nieleze. Ijumaa kwetu ni Siku ya Maandalio: kila kitu hufuliwa, husuguliwa, hupikwa na kuwekwa tayari kabla jua halijatua, kwa maana likishatua Sabato imeingia na hakuna kazi hadi jua la Jumamosi litue tena. Nimelelewa hivyo, Ijumaa mikono yangu haitulii. Ofisini nilipiga deki, nikafuta madirisha, nikapangusa mashine kwa nje, na jioni ile, nadhani kwa sababu nilitaka kumfanyia Ouma kitu na sikujua kingine, nikaamua kuisafisha ile ya njano hata ndani. Nilikuwa nimemwona akifanya. Nilifungua kifuniko, nikapuliza vumbi, nikaichomoa kadi ya skana, nikaisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli hadi yakang'aa. Nilikuwa nikijisikia vizuri. Na hapo kikofia kile, jampa, kikachomoka, kikaruka mara moja juu ya meza, kikaingia chini ya rafu.

Nilikuwa chini kwa magoti na mikono wakati Mwalimu aliposimama mlangoni na funguo. Kwenye dirisha la Suneka jua lilikuwa limegusa kilima.

"Kemunto. Unatafuta nini?"

"Raba, Mwalimu." Raba ilikuwa mkononi mwangu.

"Utaitafuta Jumapili. Jua halitungoji mimi na wewe."

Jampa niliipata. Nilikumbuka vizuri kabisa kwamba ilikuwa jozi ya pili kutoka mwisho. Kutoka mwisho upi, hilo sikulikumbuka, kwa sababu nilikuwa nimeigeuzageuza kadi nikiisugua. Daftari la kijani lilikuwa kwenye rafu, urefu wa mkono. Lakini Mwalimu alikuwa akizungusha funguo kidoleni, na mwanga ulikuwa ukipanda ukutani, na nilijiambia kwamba Jumapili nitalisoma kabla ya kitu chochote. Niliivika jozi ya pili kutoka upande mmoja, nikaichomeka kadi, nikafunga kifuniko. Tulishuka ngazi Mwalimu akiimba wimbo wa kufungua Sabato.

Jumapili nilikuta watu kwenye ngazi. Familia mbili zilikuwa zikizika Jumatatu, na mama mmoja aliisukuma picha ya mumewe mkononi mwangu kabla sijavua sweta. Kompyuta iliwaka vizuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilimwona hata Atieno kwenye orodha ya picha, jina lake na ukubwa wake. Daftari halikunijia akilini hata kidogo. Niliweka picha ya yule bwana kwenye kioo, skana ikatembea hadi nusu, ikasimama. Taa ya diski ilibaki imewaka, nyekundu, bila kupepesa. Nilingoja. Nilizima, nikawasha. Ikajaribu, ikasimama tena. Nilizima, nikawasha mara ya tatu, na mara hiyo ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba haioni diski yoyote yenye kitu ndani.

Ndipo nilipokumbuka. Nilisimama na kidole kwenye swichi, na yule mama akaniuliza kama picha ya mume wake iko salama, nikamwambia iko salama mama, hiyo hapa, shika.

Ouma alikuja Jumatatu saa mbili, amevaa koti jeusi la kuazima lililomfika vidoleni, pamoja na shemeji yake, kaka wa Atieno, mtu mrefu asiyesema sana. Nilimwambia imekataa kuwaka. Hilo tu. Alivua koti, akalikunja, akafungua kifuniko. Nilikwenda dirishani, nikatazama wapakiaji wa ndizi. Nilimsikia akichomoa kadi. Nilipogeuka alikuwa ameileta karibu kabisa na uso, kama mtu ambaye macho yamepungua nguvu, na alikaa nayo hivyo kitambo. Kisha akachukua daftari, akaandika kitu, akahamisha jampa, akarudisha kila kitu na kuanza kuitafuta diski. Aliitafuta hadi saa sita. Vipande vilikuwepo, alisema, lakini vya huyu vimeingia kwa yule. Mwalimu aliingia wakati huo. Kazi za shule tatu zilikuwa kwenye diski hiyo, na mitihani ya mwisho wa muhula.

"Nini imetokea hapa?"

"Ni kadi, Mwalimu," Ouma akasema. "Jampa ilikaa vibaya. Niliiweka mimi."

Nilikuwa umbali wa kiti kimoja. Midomo yangu ilikuwa imefunguka, nakumbuka ubaridi wa hewa kwenye meno. Nilifikiri: anaamini ni yeye. Amelia wiki nzima, hajui aliweka nini wapi, anaamini ni yeye aliyeipoteza picha ya mke wake. Nilifikiri hivyo kwa maneno kamili. Na sikusema. Mwalimu alinitazama mara moja, nikatazama kibodi.

Programu tuliichapa kwenye kompyuta ndogo. Niliandika jina la Atieno, tarehe zake, wimbo, na nilipofika penye kisanduku cha picha nikaanza kukifuta ili maneno yapande juu. Yule shemeji akaweka kidole kwenye skrini. "Wacha nafasi," alisema. "Watu waone kulikuwa na mtu." Kwa hiyo ilitoka hivyo, kisanduku chenye mistari minne, ndani hamna kitu, na chini yake jina. Nilizikunja nakala zote mwenyewe. Mazishini nilimwona mama mkwe wa Ouma akikipapasa kile kisanduku kwa kidole gumba, tena na tena.

Baada ya mwezi Mwalimu alimwambia Ouma apumzike. Alisema kwa upole, na alimaanisha asirudi. Alikuwa amepoteza wateja watatu, walimu wakuu wa zile shule. Ouma hakubisha. Alimbeba mtoto, akahamia Keroka, akaanza na redio, baadaye simu. Mimi nilimaliza mwaka ule nikiwa na fundi mwingine aliyekuwa na mikono ya haraka na hakuandika popote. Kisha nikapata kazi ya masjala Nyamira, ambako nimetunza majalada ya watu hadi nilipostaafu, na sijawahi kupoteza hata moja. Watu walinisifu kwa hilo, na kila niliposifiwa niliona pini nane. Nilipita Keroka mara nyingi. Ouma aliitengeneza kila simu niliyowahi kuwa nayo. Mara moja, Akoth akiwa kidato cha kwanza, nilikaa kwenye benchi yake nikaanza: "Ouma, ile Ijumaa..." Alikuwa na bisibisi mdomoni. Aliitoa akasema, "Kioo hiki kimeachia, nyar Kisii, usikibonyeze sana," na akaanza kuniuliza habari za mvua ya Nyamira. Nilidhani hakusikia. Nilishukuru kwamba hakusikia, na nilipofika nyumbani nikajilaumu kwa kushukuru.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani pale dukani, Akoth akiwa bado ameshika kadi. Nilimwambia ni ya skana, ya ofisi, aweke upande wa kubaki. Mwalimu alipofunga ofisi alimpa Ouma ile kompyuta ya njano, na lazima aliitoa humo. Jampa ilikuwa mahali pake, jozi ya namba kumi. Akoth akaingiza mkono tena rafuni, chini ya lilipokuwa kopo, akatoa daftari la jalada la kijani lililogeuka karibu kijivu. Aliligeuza akacheka kidogo alipoona majedwali ya kuzidisha. "Hapa ndipo nilijifunza saba mara nane," alisema, akanipa.

Kurasa zilifuatana kama alivyozoea: tarehe, mashine, alichokikuta, alichokifanya. Niliutambua ule mchoro wa kadi. Niliendelea hadi Jumatatu ile. Mwandiko ulikuwa uleule, umelala kidogo kulia, hautetemeki. *Kadi ya skana. Jampa nimeikuta 14. Nimeirudisha 10. Diski imekwisha. Meno yamesuguliwa, yananuka raba. Ijumaa.* Mstari mmoja uliachwa wazi, halafu: *Niliondoka bila kumwonyesha kusoma kabla ya kufunga.* Hakuna jina. Hapakuwa na mtu mwingine katika ofisi ile aliyesafisha kitu siku ya Ijumaa.

Nililisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alipoileta kadi karibu na uso hakuwa akiitazama; alikuwa akiinusa. Alijua kabla Mwalimu hajapanda ngazi. Alijua kwenye benchi, na bisibisi mdomoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimhurumia kwa mzigo ambao hakuwahi kuubeba, kumbe alibeba mwingine, na huo ulikuwa wangu. Nilitaka kumkasirikia kwa kutoniambia. Hata hilo halikuja.

"Anti, unalia nini? Ni daftari tu."

Nilimwambia akae. Nilimwambia kwa mpangilio, kama ninavyoandika hapa, kuanzia fundo la kitambaa hadi taa nyekundu, na sikuruka raba niliyoidanganyia. Sikumwomba msamaha katikati; nilimaliza kwanza. Akoth alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akainuka, akatoka nje, akasimama karibu na mtaro wa barabara huku malori yakipita. Alikaa huko muda wa kuchemsha chai. Nilianza kukusanya vitu vyangu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ngumu.

"Kwa hivyo ilikuwepo. Maisha yangu yote nimeambiwa hakukuwa na picha."

"Ilikuwepo."

"Na wewe uliiona."

"Niliiona siku nzima."

Alivuta kiti cha babake, akakaa mezani, akafungua daftari ukurasa wa mwisho usioandikwa. Alitafuta kalamu kwenye kikopo, akajaribu mbili zilizokauka, akapata ya tatu. "Basi sema," akasema. "Pole pole. Mimi naandika."

Nilifumba macho, na nikaanza juu, kama skana ilivyoanza. Njia ya nywele haikuwa katikati, ilikuwa kushoto kidogo. Paji la uso pana kama lako. Nyusi ya kulia ndefu kuliko ya kushoto. Masikio madogo, na kwenye tundu la sikio hakuwa na hereni, alikuwa amepitisha uzi, fundo moja dogo. Kola ya blauzi upande mmoja umekunjika ndani, na hakuna aliyemwambia. Midomo imefungwa, lakini imefungwa kama ya mtu ambaye kicheko kimemkuta pale pale kwa mpiga picha. Na juu ya nyusi ya kushoto kovu, jembamba, limelala.

"Refu kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwenye paji lake mwenyewe, kwa ncha ya kidole. Nilimwambia nilikuwa tayari nimeanza kulifuta Alhamisi ile, nikidhani ni mkwaruzo wa plastiki, nukta mbili zilikuwa zimeshaondoka, ndipo babake akanishika mkono kutoka nyuma. *Hiyo wacha,* alisema. *Hiyo ni yake.*

Akoth aliliandika na hilo.